Matofali ya Uhai: Kinyesi cha Njiwa na Madaftari ya Kuluva

Katika vitabu visimuliavyo historia ya elimu ya viumbe, majina ya miji yatajwayo ni yale yale: Cambridge, Boston, New York, Paris. Ni nadra msomaji kukutana na jina la Kuluva. Hata hivyo, yeyote atakaye kueleza jinsi binadamu alivyokuja kufahamu namna seli inavyojitengenezea asidi amino na nyukleotidi, na faida iliyopatikana kwa ufahamu huo, hana budi kufika mwisho wa safari yake katika hospitali hiyo ya misheni iliyoko kilometa zipatazo kumi na moja kusini ya mji wa Arua. Makala haya yanajaribu kuifuata njia hiyo, ambayo ni ndefu na ina mizunguko mingi. Inapitia kwa njiwa wa Philadelphia, kwa wanawake wajawazito wa Bombay na kwa watoto wa Boston, kabla haijafika pande zetu hizi za Aroi, Arua na Koboko.

Huenda walimu wenzangu wakauliza kwa nini mwalimu wa lugha ajitie katika mambo ya kemia. Jibu langu ni fupi. Tangu mwaka 2005 Katiba ya Uganda imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini lugha haifanywi rasmi kwa kuandikwa katika sheria tu. Lugha isiyoweza kumweleza mzazi kwa nini shavu la mwanawe limevimba, na dawa atiwayo mwilini inafanya kazi gani, ni lugha ya sherehe. Istilahi tunazo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kilichopungua ni watu wa kuzitumia istilahi hizo katika habari inayomhusu msomaji mwenyewe.

Tuanze basi na jambo lenyewe. Seli, au chembe hai kama wengine wapendavyo kusema, ndiyo nyumba ndogo kabisa ya uhai. Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli zisizohesabika, na kila seli imejaa protini za aina nyingi. Protini hizo zote huundwa kwa kuunganisha asidi amino ishirini tu, kama vile maneno yote ya lugha yaundwavyo kwa herufi chache. Mpango wa kuziunganisha umeandikwa katika DNA, ambayo nayo ni mnyororo mrefu wa nyukleotidi za aina nne. Haya yamekuwa maarufu, na shule nyingi huyafundisha. Lakini wasimuliaji wengi hufanya kama mtu asifuye nyumba nzuri ya matofali bila kuuliza matofali yenyewe yalitoka wapi. Hapa West Nile kila kiangazi twaona matanuru ya matofali yakifuka moshi kandokando ya mito, nasi twajua kwamba kazi kubwa ya nyumba iko huko: kuchimba udongo, kuukanyaga, kuufinyanga, kutafuta kuni. Seli nayo ina matanuru yake. Ni kutoka wapi seli hupata kaboni na nitrojeni za kufanyia matofali hayo?

Mpaka miaka ya 1930 swali hili halikuwa na njia ya kujibiwa, kwa kuwa chakula kikishaingia mwilini hakuna awezaye kukitambua tena. Kaboni ya mhogo na kaboni ya maharagwe ni kaboni moja. Aliyefungua mlango alikuwa Rudolf Schoenheimer, mzaliwa wa Berlin, aliyeihama Ujerumani mwaka 1933 na kupata nafasi katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Huko alitumia isotopu, yaani atomi zilizo sawa na wenzake kwa tabia lakini zinazotofautiana nao kwa uzito. Nitrojeni ya kawaida ina uzito wa 14. Ipo nyingine adimu yenye uzito wa 15. Schoenheimer aliwalisha panya asidi amino zenye nitrojeni hiyo nzito, kisha akaitafuta ilikokwenda. Wataalamu wa wakati ule waliamini kwamba mwili ni kama mashine, na chakula ni kama mafuta yake: yanaingia, yanaungua, yanatoka, na chuma chenyewe hakibadiliki. Schoenheimer aliona kinyume chake. Nitrojeni ile ilikuwa imetapakaa katika protini za viungo vyote, tena ilikuwa imehamia katika asidi amino nyingine ambazo hakuwalisha panya wale. Mwili unabomoa na kujenga upya usiku na mchana, hata kwa mtu mzima asiyekua tena.

Lakini palikuwa na asidi amino moja iliyokataa kupokea nitrojeni ngeni, nayo ni lisini. Msomaji aliweke akilini jina hilo, maana tutakutana nalo mbele katika chungu cha maharagwe. Schoenheimer alifariki mwaka 1941, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, bila kuyaona yote yaliyozaliwa na njia yake.

Wakati huo huo, katika Chuo Kikuu cha Illinois, William Rose alikuwa akiwalisha panya mchanganyiko wa asidi amino safi badala ya protini. Panya walikonda. Rose akatambua kwamba kuna kitu kinachokosekana, akakitafuta mpaka mwaka 1935 alipoipata asidi amino isiyojulikana hapo kabla, iitwayo threonini. Katika miaka ya 1940 alifanya majaribio kama hayo kwa wanafunzi wake wenyewe, vijana waliokubali kula chakula cha ajabu cha wanga, mafuta na asidi amino zilizopimwa, huku akiondoa moja baada ya moja. Kutokana na kazi hiyo ilidhihirika kwamba mwili wa binadamu unaweza kujitengenezea zaidi ya nusu ya asidi amino ishirini kutokana na sukari na nitrojeni iliyopo, lakini nane hauwezi. Baadaye histidini iliongezwa, zikawa tisa. Mimea yazitengeneza zote ishirini. Sisi tulio wajanja tumepoteza ufundi huo, nasi twaishi kwa jasho la mmea wa maharagwe.

Sasa tuwaendee njiwa. Nyukleotidi ina sehemu tatu: fosfeti, sukari, na kipande chenye nitrojeni ambacho huwa ama purini ama pirimidini. Purini ni pete mbili zilizoshikana, zenye atomi tisa: tano za kaboni na nne za nitrojeni. John Buchanan, akiwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia, alitaka kujua kila moja ya atomi hizo tisa imetoka wapi. Aliwachagua njiwa kwa sababu nzuri sana. Ndege hawakojoi maji kama sisi. Taka zao za nitrojeni hutoka katika ule unga mweupe uonekanao katika kinyesi chao. Unga huo ni asidi ya yuriki, nayo ni purini. Kwa hiyo njiwa ni kiwanda cha purini kifanyacho kazi mchana kutwa, na mazao yake huanguka sakafuni bila kuombwa.

Buchanan na wenzake waliwapa njiwa vitu vidogo vidogo vilivyotiwa alama ya isotopu, kisha wakakusanya kinyesi, wakaisafisha asidi ya yuriki, na kuivunja kipande kwa kipande ili waone alama imekaa wapi. Mwaka 1948 walitangaza matokeo ya kwanza. Glisini, iliyo ndogo kupita asidi amino zote, ilikuwa imeingia nzima katikati ya pete na kutoa atomi tatu. Hewa ya kaboni dayoksaidi, ile tunayoipumua nje, ilitoa atomi moja. Atomi mbili za kaboni zilitoka katika fometi, kitu kidogo chenye kaboni moja tu. Baadaye ikajulikana kwamba nitrojeni moja hutolewa na asidi aspatiki, na mbili zilizobaki hutolewa na glutamini. Tatu, na moja, na mbili, na moja, na mbili: jumla tisa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950, hatua zote kumi za kazi hiyo zilikuwa zimejulikana, kila hatua ikiwa na kimeng'enya chake. Nakiri kwamba katika historia yote ya kemia sijui hesabu iliyonipendeza zaidi ya hii, iliyosomwa katika mavi ya njiwa.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba viwanda hivi viwili havikutengana. Asidi amino zenyewe ndizo udongo wa nyukleotidi. Pirimidini nazo hujengwa kwa asidi aspatiki pamoja na kitu kingine kidogo chenye nitrojeni ya glutamini. Seli inayotaka kugawanyika lazima inakili DNA yake yote, na ili ifanye hivyo yahitaji nyukleotidi mabilioni kwa mabilioni kwa muda wa saa chache. Ukiziba mahali pamoja katika mfereji huo, seli haiwezi kugawanyika. Na seli ziumiazo kwanza ni zile zenye haraka.

Mahali pa kuzibia palipatikana kwa njia nyingine kabisa. Lucy Wills, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Bombay kuanzia mwaka 1928, aliwaona wanawake wajawazito, wengi wao maskini wafanyao kazi katika viwanda vya nguo, wakiwa na upungufu wa damu ambao chembe zao za damu zilikuwa kubwa kupita kiasi. Aliwaponya kwa chachu. Kitu kilichokuwamo katika chachu kilikuja kuitwa foleti mwaka 1941, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani, kwa kuwa kilisafishwa kutoka katika majani ya mchicha wa Kizungu. Kazi ya foleti ni kama ya mchukuzi: hubeba kaboni moja moja, nyingi zikitoka katika asidi amino iitwayo serini, na kuzipeleka panapojengwa. Zile kaboni mbili za purini ambazo Buchanan aliziona zikitoka katika fometi hubebwa na foleti. Hali kadhalika kaboni ya mwisho itiwayo katika thimini, moja ya herufi nne za DNA, hubebwa na foleti. Pasipo mchukuzi huyu, chembe za damu hukua bila kuweza kugawanyika, ndiyo maana wanawake wa Bombay walikuwa na chembe kubwa chache badala ya chembe nyingi za kadiri.

Yellapragada Subbarow, mkemia Mhindi aliyefanya kazi katika kampuni ya Lederle huko Marekani, pamoja na wenzake walifaulu kuitengeneza foleti katika maabara, tena wakatengeneza vitu vinavyofanana nayo lakini visivyobeba chochote. Ni kama kumpa mwashi tofali la udongo mbichi: analiweka ukutani, kazi inasimama. Kimoja kiliitwa aminopterini. Sidney Farber wa Boston aliwapa dawa hiyo watoto 16 waliokuwa wakifa kwa saratani ya damu, na mwaka 1948 akaandika kwamba 10 kati yao walipata nafuu. Ilikuwa nafuu ya muda, miezi michache tu, lakini kabla ya hapo hapakuwa na dawa iliyowahi kumpa mtoto wa namna hiyo hata muda huo. Ndugu yake aminopterini, aitwaye methotrekseti, alichukua nafasi yake baadaye kwa kuwa alikuwa mpole kidogo.

Tumefika sasa Uganda. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland ya Kaskazini, alikuja nchini mwaka 1946 na kupelekwa Lira; mwaka 1948 alihamishiwa Kampala. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita Mulago akamwone mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Muda si mrefu Burkitt akaona mtoto mwingine wa namna hiyo hiyo Jinja. Uvimbe huo haukuwa mgeni kwa wananchi, wala kwa madaktari wa Mengo wa mwanzoni mwa karne. Lakini Burkitt alikuwa wa kwanza kuona kwamba uvimbe wa taya na uvimbe wa tumbo, wa figo na wa ovari katika watoto hao ulikuwa ugonjwa mmoja. Aliandika juu yake mwaka 1958.

Kisha akauliza swali rahisi: ugonjwa huu uko wapi, na hauko wapi? Mwezi Oktoba 1961 aliondoka Kampala katika gari kuukuu aina ya Ford, lililonunuliwa kwa pauni 250, akafuatana na madaktari wawili, Cliff Nelson na Ted Williams wa Kuluva. Kwa muda wa majuma kumi walisafiri maili elfu kumi hivi, kuteremka mpaka Afrika ya Kusini na kurudi, wakipita katika hospitali zaidi ya hamsini wakiwa na picha za watoto mikononi. Waligundua kwamba ugonjwa haupatikani katika nyanda za juu zenye baridi, wala katika nchi kame. Ulifuata joto na mvua, na mtu aliyetazama ramani yao aliweza kudhani anatazama ramani ya malaria.

Ningependa kukaa kidogo na huyu Ted Williams, kwa kuwa wasimulizi wengi humtaja kama dereva na fundi wa gari, kisha wakampita. Yeye na mkewe Muriel walikuwa wamisheni wa Africa Inland Mission, nao waliisimamisha Kuluva pamoja na nduguye Peter, aliyekuwa daktari pia. Kitu walichowazidi wengine ni uandishi. Kila mgonjwa wa saratani aliandikwa daftarini kwa mkono: jina, kijiji, umri, kabila, tarehe ya kuanza kuugua. Wakati ambapo hospitali kubwa zilikuwa zikipoteza majalada, Kuluva ilijua mtoto fulani alitoka kijiji gani na mwezi gani. Kwa madaftari hayo Williams, pamoja na wataalamu wa takwimu, alichapisha mwaka 1967 uchunguzi wa wagonjwa wa West Nile wa miaka ya 1961 hadi 1965, ulioonyesha kwamba ugonjwa huwatokea watoto wa sehemu moja kwa wakati mmoja, kisha huhamia sehemu nyingine. Saratani ilikuwa haijulikani kuwa na mwenendo kama huo. Uchunguzi huo uliendelezwa mpaka visa vya mwaka 1975. Sioni kwa nini mwandishi wa daftari asihesabiwe miongoni mwa wanasayansi, ikiwa mfuga njiwa amehesabiwa.

Matibabu yalikuwaje? Uganda ya wakati huo haikuwa na mashine za mionzi, na kisu hakikufaa. Hivyo Burkitt alilazimika kujaribu dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipata methotrekseti kwa msaada wa madaktari wa New York, wakati Peter Clifford alipokuwa akifanya majaribio yake Nairobi. Baadaye alitumia siklofosfamidi, ambayo haizibi utengenezaji wa nyukleotidi bali huiharibu DNA iliyokwisha kujengwa. Matokeo yaliwashangaza watu. Uvimbe uliokuwa umelifumba jicho la mtoto uliyeyuka kwa siku chache. Wengine waliugua tena na kufa, lakini wengine walipona kabisa, baadhi kwa dozi chache mno. Mwaka 1967 kituo maalumu cha kutibu ugonjwa huu kilifunguliwa Kampala chini ya John Ziegler, nacho ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Kwa nini uvimbe huu uliitikia dawa upesi hivyo? Jibu lilipatikana polepole. Mwaka 1972 na 1976 wachunguzi wa Sweden walionyesha kwamba katika seli za uvimbe huu kipande cha kromosomu ya 8 kimehamia kwenye kromosomu ya 14. Katika kuhama huko, jeni iitwayo MYC hutoka katika utawala wake wa kawaida na kuwekwa mahali ambapo haizimwi. MYC ni kama msimamizi wa tanuru: ndiyo iamrishayo vimeng'enya vya kutengeneza purini, pirimidini, na vile vishughulikavyo na foleti. Msimamizi huyu akishikwa na wazimu, matofali hufyatuliwa bila kikomo. Seli za uvimbe wa Burkitt huongezeka maradufu kwa siku moja hadi mbili, na hakuna uvimbe wa binadamu ujulikanao kukua kwa kasi kuushinda. Haraka hiyo inayomwua mtoto ndiyo hiyo hiyo inayoufanya uvimbe ushindwe na dawa.

Lakini palikuwa na mtego. Seli nyingi zikifa kwa mara moja, DNA yake yote huvunjwa, na purini zake hugeuzwa kuwa asidi ya yuriki, ule unga mweupe wa njiwa wa Buchanan. Figo za mtoto hazikuumbwa kwa mzigo huo. Huziba, na mtoto aliyekuwa akipona hufa. Madaktari wa Kampala walijifunza kumpa mtoto maji mengi pamoja na allopurinoli, dawa inayozuia kutokea kwa asidi hiyo. Allopurinoli ilitoka katika maabara ya George Hitchings na Gertrude Elion, karibu na New York, ambao tangu miaka ya 1940 walikuwa wakitengeneza matofali bandia ya nyukleotidi kwa makusudi. Elion hakuwahi kupata shahada ya udaktari wa falsafa. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988 pamoja na Hitchings.

Mwaka 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na kijana mmoja, Anthony Epstein, akausikiliza. Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walitangaza kwamba wameona virusi ndani ya seli hizo. Ila virusi hivyo vilionekana karibu kwa watu wote duniani. Je, vilikuwa sababu, au vilikuwa wapita njia? Ili kulijibu swali hilo, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Ulimwenguni, wenye makao Lyon, Ufaransa, ulikuja West Nile. Kati ya mwaka 1972 na 1974 damu ilitolewa kwa watoto wapatao 42,000 wenye umri wa miaka minane na chini. Kisha wakangoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978: watoto 14 kati yao waliugua, na damu yao iliyohifadhiwa ilionyesha kwamba walikuwa na dalili nyingi za virusi hivyo muda mrefu kabla ya kuvimba. Mwaka 1979 vita vikaikatiza kazi hiyo.

Arobaini na mbili elfu! Watu hao leo ni wazee, kwa wale waliosalimika vita na ukimbizi wa Zaire na Sudani. Mchango wao kwa elimu ya saratani ni mkubwa, na vitabu vya shule vya hapa havina hata mstari mmoja juu yake. Utafiti ulirudi baadaye: kuanzia mwaka 2010 Kuluva, pamoja na hospitali ya Lacor ya Gulu, ilipokea watoto wa uchunguzi mwingine mkubwa juu ya malaria na uvimbe wa Burkitt.

Malaria nayo ina habari yake katika jambo hili la matofali. Kimelea cha malaria hakiwezi kujitengenezea purini. Huziiba zilizo tayari katika chembe nyekundu ya damu. Lakini pirimidini hakiwezi kuziiba, lazima kizitengeneze chenyewe, tena kwa foleti kinayojifanyizia. Ndipo dawa mbili zilipounganishwa katika kidonge kimoja kilichojulikana sana kwetu kwa jina la Fansidar. Moja, sulfadoksini, huzuia kimelea kutengeneza foleti. Ya pili, pirimethamini, iliyotoka pia kwa Hitchings na Elion, huzuia foleti hiyo isifanye kazi. Binadamu haumii na dawa ya kwanza, kwa kuwa yeye hatengenezi foleti. Huila katika mboga.

Nimeahidi kurudi kwenye lisini. Unyafuzi, ambao wengi huuita kwashakoo, ulichunguzwa Kampala kwa miaka mingi, kwanza na Trowell yule yule aliyemwita Burkitt. Mwaka 1964 Roger Whitehead, katika kituo cha utafiti cha Mulago, alionyesha kwamba tone la damu la mtoto linaweza kufichua hatari kabla mwili haujavimba: asidi amino ambazo mwili hujitengenezea hubaki nyingi, na zile usizoweza kuzitengeneza hupungua. Sababu za ugonjwa huu hata leo hazijaisha kujadiliwa, lakini kipimo hicho kilionyesha wazi mpaka kati ya ufundi wa mwili na udhaifu wake. Kwetu chakula kikuu ni mhogo, na mhogo una protini kidogo sana. Tena ule mchungu una sumu ambayo mwili huiondoa kwa kutumia salfa ya asidi amino, yaani hupunguza kile kile kilicho haba. Maharagwe yana lisini tele, lakini ni maskini wa methionini, asidi amino yenye salfa. Simsim, waiitayo ufuta pwani, ni maskini wa lisini lakini ina methionini nyingi. Mama wa Kilugbara au wa Kikakwa atiaye simsim iliyosagwa katika maharagwe hajasoma habari za panya wa Illinois, lakini chungu chake kina hesabu ile ile.

Fansidar imekwisha kuacha kutibu malaria, kwa kuwa vimelea vimejifunza kuikwepa, na Uganda iligeukia dawa za mchanganyiko wenye atemisini katika miaka ya 2000. Dawa zile mbili hata hivyo zingali zikitumika kuwakinga wajawazito. Katika kliniki za uzazi mama humeza vidonge vitatu kwa pamoja mbele ya mhudumu, kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikishapita, kisha tena baada ya mwezi au zaidi. Mama huyo huyo hupewa pia foleti kwa ajili ya damu yake na ya mtoto, kama wale wa Bombay. Hapo mhudumu hana budi kuwa mwangalifu, na hapo ndipo lugha ya kuelezea inapohitajika. Kidonge kidogo cha foleti, chenye miligramu 0.4, hakidhuru kitu. Kile kikubwa cha miligramu 5 humpatia kimelea nacho mchukuzi wake, na dawa ya kinga hupungua nguvu.